Mara Tatu Ulinipigia, Mwanaheri

Mke wangu mpenzi Mwanaheri,

Sijui salamu za mtu aliye hai humfikia vipi aliyelala chini ya mchanga wa kisiwa cha Chovai, lakini nakusalimu. Mwanetu Saada ni mzima. Mama yako ni mzima pia, ila lile goti la kushoto bado linamsumbua. Mimi niko Kismayo, chumbani kwetu, na madirisha yote nimeyafungua. Tangu uondoke siwezi kukaa mahali palipofungwa.

Barua hii naiandika wazi, aisome anayetaka. Uongo wangu niliusema pwani, mbele za watu, wamesimama na nguo zimewalowa. Basi na ukweli nao nitausema mbele za watu.

Kwanza nikukumbushe tulivyokuwa, maana watu wataisoma habari hii wadhani sikuwahi kukupenda.

Unakumbuka Mombasa? Wazee wetu walikimbilia huko vita vya Somalia vilipoanza, na mimi nilikulia mitaani mpaka Kibajuni kikanitoka mdomoni. Tulikutana kwenye foleni ya maji. Nikakuuliza jambo, hata silikumbuki, nawe ukanicheka: "Mchu gani wewe, husemi lugha ya mamako?" Neno "mchu", yaani mtu, nilikuwa sijalisikia tangu nyanya yangu afariki. Nilirudi kwenye foleni ile kesho yake na ndoo zisizohitaji maji.

Tuliporudi Kismayo tukiwa maarusi, kazi yangu ilikuwa kubeba barafu pale soko la samaki. Adhuhuri nilikuja nyumbani mikono imekufa ganzi, ukaishika ndani ya mikono yako mpaka ikapata moto, ndipo tukala wali kwenye sahani moja. Ulinieleza kila kitu: nani kapita, nani kagombana na jirani, paka gani kazaa wapi. Nilikusikiliza, Mwanaheri. Hilo naweza kuliapia.

Kisha nikawa dalali wa kamba mawe, wale wa baharini. Wazamiaji wa Chovai, wa Ngumi, wa Ras Kamboni wananipigia mimi. Wanunuzi wa mjini wananipigia mimi. Kazi yote iko mdomoni na sikioni. Nikawa na simu mbili, hii ikilala ile imeamka. Nilijisifu kwa rafiki zangu kwamba wao wanashinda bandarini, mimi nashinda na familia yangu. Na kweli nilishinda nanyi. Nilikaa kwenye mkeka ule ule, nikala mikate ile ile ya anjera, huku macho yangu yako Ras Kamboni.

Ndipo ukaanzisha ule mchezo wako. Unaongea, mimi naitikia "eeh, eeh," halafu unanyamaza na kuuliza: "Nimesema nini?"

"Umesema unga umekwisha."

Mara nyingi nilibahatisha, ukacheka. Siku moja nikajibu hivyo hivyo, kwamba unga umekwisha, wala hukucheka. Ulisema: "Nimesema Saada amehitimu juzuu amma ya Kurani. Wenzake wote baba zao walikuwapo chuoni." Nikageuka, nikamwona mtoto amesimama mlangoni na hina mikononi na gauni jipya la kijani. Alikuwa amesimama hapo muda gani, sijui. Nilimpongeza, nikamwahidi zawadi. Simu ikalia, nikatoka nje kupokea.

Jioni ile uliniambia kwa sauti ya chini, huku ukikunja nguo: "Baba Saada, nina hofu. Naona siku moja nitakuita kwa jambo lisilongoja."

Nilikuambia usijitabirie mabaya.

Chuo kilipofungwa ulitaka twende Chovai kwa mama yako, siku saba. Siku saba tu, bila kazi. Nilikubali. Simu moja niliiacha Kismayo mbele ya macho yako. Ya pili niliifunga kwenye mfuko wa plastiki, nikaificha chini ya ubao wa boti, karibu na injini. Siku ya pili uliteremka botini kuchukua kamba ya kuanikia nguo, ukarudi kimya. Nilijua umeiona. Nilingoja ugombe. Hukugomba, na kimya kile kingenitisha kama ningekuwa na akili zangu.

Siku ya nne ilikuwa bamvua, maji yamekupwa sana, miamba yote nje. Ukasema utakwenda na Saada ule mwamba wa mbali kutafuta pweza. Niliwavusha mkondo kwa boti. Ulikuwa na dumu la manjano la kutilia pweza, limekatwa tundu ubavuni, na jingine tupu la kuelea, na simu yako ndani ya kifuko shingoni. Mwambani pale mtandao hushika, maana pako wazi kuelekea bara. Ulinishika mkono wakati wa kushuka ukasema: "Maji yakigeuka tu, uje. Usingoje yajae."

"Niko hapa hapa," nikasema.

Na nilikaa hapo kiasi. Niliwatazama mkiinama, mkiinuka. Saada alipiga kelele ya furaha alipopata wa kwanza. Kisha nikasema nafsini mwangu, niangalie mara moja tu kama friza ya kamba kule Kismayo imepata umeme, maana tulipoondoka ulikuwa ukikatika. Pale mwambani ungeniona nikiitoa simu, na kijijini mtandao haushiki ila juu ya kile kilima cha mchanga upande wa pili. Nikawasha injini, nikazunguka kisiwa, nikapanda kilima.

Umeme ulikuwa umekatika. Kamba wote walikuwa wanaharibika, na mnunuzi alikuwa akinipigia makelele kwa Kisomali kwamba nimemponza. Nilisimama juu ya kilima kile nabishana, nabembeleza, napigia watu wenye jenereta. Jua lilikuwa kichwani. Maji yalikuwa yamegeuka na sikuyaona.

Ukapiga mara ya kwanza. Nikaacha ilie ndani ya mazungumzo yangu mpaka ikakatika.

Ukapiga mara ya pili. Nikaikata.

Ya tatu niliikata nikakuandikia neno moja: "Naja." Nilidhani unataka kuniambia mmepata pweza wengi. Naapa, hilo ndilo lililonijia akilini, uso wako unacheka na dumu limejaa. Nikarudi kwenye jenereta. Niliipata, Mwanaheri. Nilipata mtu mwenye jenereta, nikashuka kilimani nikijiona mwanamume hodari.

Nilipozunguka kisiwa, mwamba haukuwapo.

Nilidhani nimekosea mahali. Nilitazama nyuma, nikatazama mbele, maji yote rangi moja, yanakimbia kuelekea mkondoni. Nikazima injini nisikilize. Kwanza sikusikia kitu. Kisha nikasikia sauti nyembamba ya mtoto, haitoki mwambani bali huku nyuma yangu, mbali. Saada alikuwa akielea kifudifudi juu ya lile dumu tupu la kuelea, amefungwa nalo kwa leso yako, mafundo matatu mgongoni ili asiweze kuyafikia. Kifuko chenye simu kilikuwa shingoni mwake. Nilipomvuta botini alikuwa baridi kama samaki, na neno la kwanza alilosema ni: "Mama yuko kule." Akanyoosha kidole, na kule alikonyoosha hapakuwa na kitu.

Asubuhi ya pili watu wa kisiwa cha Ngumi walikuleta.

Sasa nifike kwenye uongo. Tulipofika pwani na mtoto, mama yako alikuja mbio bila viatu, watu nyuma yake, akauliza: "Ulikuwa wapi?" Nikajibu: "Injini ilizima." Halikunichukua hata muda wa kupumua. Neno lilitoka lenyewe, kama lilikuwa limekaa mdomoni likingoja kuulizwa. Na wote wakaamini, maana injini ile ilijulikana kwa ukorofi. Baada ya mazishi fundi alikuja kuifungua, akatoa plagi, akaitazama, akawaambia watu: "Kweli, hii mbovu." Akanipa mkono wa pole mara ya pili.

Nguo zako na simu yako mama alizitia kwenye kasha lake. Siku zote za matanga nilikaa mbele ya kasha lile. Nilikuwa najua ndani yake mna simu, na ndani ya simu mna majina na saa, na jina langu limo mara tatu. Watu wakija kunipa pole, naitazama kufuli. Mama akitikisa funguo kiunoni, nageuka upesi. Nilianza kupanga jinsi ya kuiiba niitupe baharini. Ndiyo. Hata hilo nilipanga, na wewe hujamaliza siku kumi.

Saada hakusema kitu. Mtoto wa miaka minane, amekaa nyuma ya nyanya yake, ananitazama. Kila mtu aliposimulia habari ya injini, aliinamisha kichwa kama aliyetendewa aibu. Nikawa namkwepa. Mtoto wangu mwenyewe, Mwanaheri, nikikutana naye ukumbini nageuza njia.

Baada ya arobaini nilikuwa namwosha miguu uani, ametoka pwani na mchanga. Akasema ghafla, bila kuniangalia:

"Mama alisema tusikupigie tena."

Mikono yangu ikasimama ndani ya maji.

"Alisema, baba ana kazi."

Mwisho nikauliza lile swali lililokuwa likinila: "Alikasirika?"

Saada akafikiri. "La," akasema. "Akavua leso."

Sikuweza kumaliza kumwosha. Nilimwacha na mguu mmoja una mchanga, nikaingia ndani kwa mama yako. Alikuwa anachambua mchele. Nikapiga magoti mbele ya ungo, nikamwambia yote: kilima, friza, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilimwambia injini haikuzima. Nilingoja anipige. Ningeshukuru kupigwa.

Mama aliendelea kuchambua mpaka nikadhani hakunisikia. Kisha akauliza: "Nani mwengine ajuaye?"

"Saada."

"Basi mjukuu wangu amelibeba jambo hili peke yake siku zote hizi," akasema, "na sote tumekaa tukimwambia injini, injini." Akauweka ungo chini. Aliinuka kwa shida kwa lile goti lake, akaenda akauchukua mkeka wa Saada uliokuwa karibu na mlango, akautandika kando ya kitanda chake. Alipomaliza akanigeukia. Hakunipandishia sauti.

"Mtoto atakaa hapa. Wewe nenda kazini."

Nikaenda. Ndugu zako sasa wanajua, na pale msikitini Chovai wapo wasionipa mkono. Kila Ijumaa mama ananiruhusu kuja baada ya sala nikae na Saada mpaka alasiri, uani, mahali anapotuona.

Ningependa kukuambia niliitupa simu baharini. Mtu akisoma barua kama hii hungoja kusikia hivyo. Sikuitupa. Udalali ndiyo kazi ninayoijua, na Saada anakula na kusoma kwayo. Nilichofanya ni kuiacha Kismayo siku za Ijumaa. Ijumaa ya kwanza mkono ulikuwa ukienda mfukoni wenyewe kila mara, nikaushika kwa mkono wa pili. Ijumaa ya pili ukaenda mara chache. Ya tatu Saada alinionyesha jino lililong'oka, akaniwekea kwenye kiganja, nikadhani huenda Mungu amenihurumia.

Ijumaa iliyopita nilikuja nayo. Palikuwa na mzigo unangoja, mzigo mkubwa, nikasema nitaizima sauti na sitaitoa. Tulikaa uani. Saada alikuwa na jambo la kunieleza, nilimwona tangu nilipoingia. Alivuta kigoda karibu, akaninong'oneza ili nyanya yake asisikie. Alianza: "Baba, nakuambia, lakini usimwambie mtu. Nikilala huwa namwona Mama, na..."

Simu ikatetemeka mfukoni.

Sikuipokea. Niliinamisha macho tu, nione ni nani. Ni kitambo kidogo mno, Mwanaheri, mtu angeweza kupepesa jicho kikaisha. Nilipoinua uso, Saada alikuwa amenyamaza. Hakununa. Alikuwa amekaa na mikono mapajani, ametulia, ananingoja kwa adabu kama unavyomngoja mgeni.

"Endelea, mwanangu," nikamwambia. "Unamwona Mama, na kisha?"

"Nimesahau, Baba."

Nilimbembeleza. Nilimshika mikono, nikaapa nasikiliza. Akatikisa kichwa, akatabasamu ili nisihuzunike, akarudisha kigoda mahali pake.

Hakusahau.

Nakuaga hapa, mke wangu. Kesho ni Ijumaa tena, na boti inaondoka mapema. Simu iko mezani mbele yangu ninapoandika, na tangu nianze barua hii imewaka mara nyingi. Sijaigusa bado. Popote ulipo, Mola akutulize na akupe pumziko ambalo sikukupa.

Mumeo,
Baba Saada