Marahaba Ndani ya Mashine

Wanamapambano wenzangu wa darasa la mionzi, leo sihutubii. Namwandikia mama yangu, aliyezikwa kijijini kwetu Kiswere; nanyi niazimeni masikio.

Mpendwa mama,

Shikamoo. Najua sitaitikiwa, lakini sijui kuanza na wewe kwa neno jingine.

Unakumbuka bati la kukaangia korosho nyuma ya jiko letu? Moshi wake ulichoma macho na koo. Kila ulipotaka kuzigeuza ulitupigia kelele, "Baneni pumzi!", nasi tukavimbisha mashavu mpaka moshi upite. Mimi ndiye niliyeshindwa kwanza, kwa kuwa nilikuwa nasema.

"Wewe nawe!" ulicheka. "Hata redio hunyamaza betri zikiisha."

Kisha kifua chako kikaanza kukusumbua, nami, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa upigaji picha za mionzi, nikakuleta Dar es Salaam upigwe picha ya CT scan. Mashine ilikuwa imepangiwa mionzi mingi kuliko mwili wako mdogo ulivyohitaji. Nikamkabili mtaalamu wa picha: mionzi ipunguzwe, picha itabaki safi! Nilidai, nilihutubu, nilipiga meza. Akapunguza. Nikajiona mshindi.

Ng'ambo ya kioo cha chumba cha mashine ulikuwa umelala peke yako. Mashine ikatamka kwa Kiingereza, kwa sauti ya binti mwenye adabu, kwamba uvute pumzi na kuizuia. Nawe, usiyeijua lugha ile, ukadhani umeamkiwa.

"Marahaba, mwanangu. Wazima nyumbani?"

Kifua kikatikisika, picha ikavurugika. Ikarudiwa, ukaitikia tena. Mtaalamu alicheka. Nami nilicheka, Mungu anisamehe. Mara ya tatu ndipo nilipoinamia kipaza sauti: "Mama, bana pumzi!" Ukavimbisha mashavu. Picha ikatoka safi, na ndani yake tukakiona kile tulichokiogopa.

Tulipotoka ulininong'oneza, "Binti yule ana kiburi. Nimemuuliza hali mara mbili, kimya." Nikakushika mkono tu, mimi mwenye hotuba kwa kila jambo.

Sidai kwamba mionzi ndiyo iliyokuondoa; ugonjwa ulikwisha kukuwahi. Lakini kidogo mara tatu kilizidi kingi cha mara moja. Nilichokuokolea kwa maneno elfu nilikipoteza kwa kukunyima maneno mawili, tena uliyonifundisha wewe.

Binti yule bado anasema mle ndani, mama, na mama za watu bado wanamwitikia. Nataka mgonjwa aambiwe kwa lugha yake, afundishwe pumzi kabla ya kulala, ili picha moja ya mionzi kidogo imtoshe.

Pumzika. Moshi umepita.

Binti yako,
redio iliyoishiwa betri

Wenzangu: Jumamosi, saa nne asubuhi, mlangoni pa chumba cha CT. Tunarekodi sauti mpya. Kila mmoja aje na maneno ambayo mama yake angeyaelewa.