Mgeni Rasmi Hakai Gizani

Jumamosi, 12 Julai. Baridi kali asubuhi, upepo wa vumbi tangu alfajiri, jua lipo lakini halisaidii kitu. Nimetoka nyumbani Miyuji saa moja kamili, sweta na kanga juu yake.

Nimekasirika. Naliandika hilo kwanza, ili nikisoma baadaye nisijidanganye kwamba nilikuwa nimechoka tu.

Leo ndiyo tumeonyesha igizo letu la nyimbo. Taa zote nimepanga mimi. Wiki tatu nimetembea na daftari lenye kila wimbo na taa yake: wapi iwake, wapi ififie, nihesabu hadi ngapi kabla ya kugusa swichi. Wimbo wa saba niliupa ukurasa mzima, ingawa maelezo yake ni neno moja.

Giza.

Ni wimbo wa mwaka wa njaa. Mama anapakua ugali wa mtama na mlenda, anaona hautoshi. Anawaambia watoto mafuta yamekwisha, anapuliza kibatari. Watoto wanakula bila kujua kwamba bakuli la mama ni tupu. Yeye anaimba, na katikati ya mistari analikwaruza kwa vidole, ili wadhani naye anakula. Wimbo huo si wa kutazama. Ni wa kusikia.

Kwenye kamati ya onyesho hakuna anayejua nilikoutoa. Mama yangu alitufanyia hivyo Kibakwe, mimi na kaka zangu, tena si mara moja. Shangazi ndiye aliyeniambia, nikiwa kidato cha tatu. Mama hajawahi kulitaja, nami sijawahi kumuuliza. Nilimwita aje leo ili ajue kwamba najua. Njia nyingine ya kumwambia sikuwa nayo.

Ukumbi una madirisha kumi na moja na onyesho lilikuwa la mchana. Siku tatu nimepanda ngazi nikigongomelea nailoni nyeusi za kutoka soko la Majengo, hadi nikisimama katikati siwezi kuona kiganja changu.

Saa tano akaja Festo, katibu wa kamati, ndani ya suti, ratiba mkononi. Akanyoosha kidole kwenye taa iliyo juu ya viti vya mbele.

"Ile isizimwe hata kidogo."

"Kaka Festo, ni dakika mbili tu, wimbo wa saba."

"Hata sekunde mbili. Mgeni rasmi hakai gizani, dada Eliza. Hiyo ni itifaki."

Nikamfungulia daftari. Hakulitazama.

"Giza nalo umelisomea wapi wewe? Giza linakuja lenyewe!"

Wenzake wa kamati wakacheka. Mimi nimeishia kidato cha nne, wao wana shahada, na utani huo kila mtu aliuelewa.

Mgeni rasmi alifika tumeshasubiri saa moja na nusu. Akahutubia, akapigwa picha, akakaa. Wimbo wa nne ukiendelea, akainuka na watu wake wote wakatoka. Kikabaki kiti chenye kitambaa cheupe, na chupa ya maji ambayo haikufunguliwa.

Nikamfuata Festo mlangoni. "Ameshaondoka. Nizime?"

"Anaweza kurudi. Acha kama ilivyo."

Kwa hiyo wimbo wa saba ulipofika, Neema, anayeigiza mama, alipuliza kibatari, nikazima taa za jukwaa, na giza halikuja. Ile taa iliwaka juu ya kiti kitupu, mwanga ukafika hadi jukwaani, na bakuli tupu likaonekana na ukumbi mzima. Mtu akapaza sauti kutoka nyuma: "Mama, tunakuona!"

Wakacheka. Watu mia na zaidi walimcheka mama anayewaficha wanawe njaa. Neema aliimba hadi mwisho.

Kidole changu kilikuwa juu ya swichi ya ile taa.

Sikubonyeza. Hakuna aliyenishika mkono. Festo alikuwa nje kabisa, anaongea na simu. Kumlaumu ni rahisi, na nitaendelea kumlaumu, lakini niliyemtii mtu ambaye hakuwepo, kwa ajili ya mgeni ambaye hakuwepo, ni mimi.

Mama sikuweza kumtazama njia nzima. Tulipofika nyumbani nikapika, tukala. Alipomaliza kunawa akasema, bila kuniangalia:

"Yule binti anaimba vizuri."

"Ndiyo, mama."

"Ila pale wangezima. Watoto wakiona, hawali."

Nikashika vyombo nikaenda navyo jikoni, nikasimama huko muda mrefu kuliko vyombo vilivyohitaji.

Kesho tunarudia baada ya ibada. Festo ameshaandika kwenye kundi la simu: mgeni rasmi ni mwingine, utaratibu ni uleule. Wote wamejibu sawa. Mimi sijajibu.

Nimefungua daftari, ukurasa wa wimbo wa saba, na chini ya lile neno moja nimeongeza mstari: *Saa kumi na mbili asubuhi, ngazi, kufungua balbu ya mbele, kuiweka kwenye mkoba.* Wakiniuliza nitawaambia ninayo mimi. Wakitaka mtu mwingine wa taa, wamtafute wimbo wa saba ukishapita.

Mama amekubali kubaki hapa kwangu hadi Jumatatu.

Saa tano kasoro dakika kumi usiku. Nimezima taa, nalala.