Kifimbo cha Chapati Hakikuwa na Kosa

Mama yangu kipenzi,

Nimechoka. Nimetoka kuwafundisha wasichana ngoma kwenye ukumbi wa hapa Mjambere, na sasa nimekaa sakafuni nyumbani, shavu la mguu juu ya rola ya sponji, nikijisukuma mbele na nyuma. Ungeiona ungecheka. Kazi ni ile ile ya kifimbo chako cha chapati, ila hii imenunuliwa dukani.

Nilikuwa nikirudi kutoka mazoezini misuli imekaza, nawe umemaliza chapati za wateja. Unapangusa unga kwenye kifimbo, kisha unaniita.

"Zuhura!"

"Abee, mama."

"Lete mguu huo."

Ulikuwa ukikisukuma juu ya shavu la mguu polepole, ukikwepa mfupa, mpaka nasinzia jamvini.

Jioni ile kabla ya onyesho la hotelini nilikuomba ukandamize kwa nguvu. Ulisita. "Mbona pamevimba?"

"Uchovu tu, mama, wallahi."

Ukakandamiza. Asubuhi sikuweza kukanyaga chini. Daktari akasema msuli umechanika, na msuli uliochanika hausukumwi hata kidogo.

Ulijilaumu wewe. Kifimbo ukakitupa juu ya kabati, chapati ukawa unazisukuma kwa chupa ya soda mpaka ulipofariki. Majirani wakiuliza, unasema kimepotea. Nilikuwa nakuona, nikanyamaza.

Mama, mchana ule mazoezini niliporuka, niliusikia mguu ukilia ta! Nilijua nimeumia kabla sijafika nyumbani. Nilificha kwa kuogopa nafasi yangu asije akapewa mwingine. Nikaapa mbele yako. Naona aibu mpaka leo.

Siku hizi, kabla msichana hajagusa rola, namuuliza kama kuna mahali palipolia au kuvimba. Akinijibu haraka haraka, namuuliza tena. Wananiita mkali. Leo mmoja amenijibu, "Uchovu tu, mwalimu, wallahi." Nimemshika mguu, nikaukuta umevimba, nikamkalisha pembeni, akalia mpaka tukafunga ukumbi. Hilo limenichosha kuliko ngoma yenyewe.

Nilipofika nyumbani nimepanda kiti, nikakiteremsha kifimbo, nikakiosha. Kesho nitasukuma chapati kwacho, nimwite yule msichana aje anywe chai.

Pumzika sasa, mama. Hukuniumiza. Nilikuja kwako nikiwa nimeshaumia.

Binti yako