Makokha, Hospitali Inasema Umepotea

Makokha, we mzee mkaidi,

Unanichosha hata ukiwa kaburini. Juzi msichana wa hospitali alinipigia simu, akaniita kuka, yaani babu, kwa adabu kama mjukuu wangu. Akasema wanachunguza vidonge vyetu vya kansa ya damu. Si kwa watu wa kuchaguliwa, ni kwa sisi hivi hivi tu, wazee wakulima wa miwa wenye presha na meno matatu. Halafu akauliza, "Kuka, mwenzako alipotea. Unajua aliko?"

"Apotee wapi? Amelala nyuma ya jiko lake hapa Butali!"

Kumbe mgonjwa akiacha kwenda kliniki bila habari, wao humwita aliyepotea. Wewe! Uliyezikwa na kwaya mbili zikinyang'anyana maikrofoni!

Akanipa pole, kisha akauliza kama ulikuwa unameza dawa kila siku. Hapo ukanikwamisha. Mkeo Rispa ametangaza kanisani kwamba dawa ndiyo ilikuua, na mimi akaniomba niseme hivyo hivyo. Sasa yule fundi wa baiskeli, mwenye ugonjwa wetu, ameogopa na kuviacha vidonge vyake. Amekonda, Makokha. Hata spana inamshinda.

Lakini mimi nilikuona. Kila penye matanga vidonge vilibaki mfukoni, kwa sababu vilikutapisha, nawe hukutaka kutapika ingokho ya watu. "Kuku wa wenyewe anaheshimiwa," ulikuwa unaniambia, mdomo umejaa. Na kwetu matanga yanaishanga lini?

Nimemwambia msichana ukweli wote. Ukasirike ukitaka. Akasema hilo la kutapika ndilo wanalotafuta, na kwamba daktari angekupunguzia, ama akubadilishie dawa. Angekubadilishia! Ungesema tu, mjinga wewe. Neno moja tu. Sasa Jumapili namtania nani? Mchungaji?

Basi lala, ndugu yangu. Kesho nampeleka fundi kwa Rispa, niyaseme haya mbele yao wote wawili. Rispa akinifukuza na mwiko nitakimbia, lakini nakuahidi, fundi atarudi kliniki, hata kama itabidi nimbebe juu ya baiskeli ya mteja.

Ni mimi,
Wekesa