Jiko la Hajati na Tanuri la Nabuyonga

Dada Zaina,

Natumai huko Nalufenya mko wazima. Huku Mbale jua linachoma. Leo nimetembeza katika kiwanja cha Hajji, hapa Nabuyonga, mashine niliyoinunua kwa jasho langu, inayoona chuma na udongo ulioungua chini ya ardhi, nikitafuta tanuri la wahunzi wa kale. Nisingelipata leo, kesho Hajji angemwaga zege la msingi wa maduka yake. Mashine ikaonyesha matanuri matatu! Kumbe mkewe, Hajati, ananifuata nyuma na jiko la chuma, malewa yangu, yale machipukizi ya mianzi, yasipoe, na mashine inalisoma jiko kama tanuri.

“Hajati, umeniharibia vipimo vya nusu kiwanja!”

“Mgeni hali chakula baridi, bwana.”

Nikarudia kupima bila jiko. Matatu yakawa moja, la kweli. Hajji akakubali kusogeza maduka. Malewa nimeyala baridi, na kinyongo ninacho bado. Wewe kula chakula cha moto, dada, unenepe.

Mdogo wako,
Musa