Gurudumu Lililoondoka na Treni

3 Machi

Mdogo wangu, mkaguzi wa treni,

Hujambo? Mimi mzima, ila nyayo zimevimba na unajua kwa nini. Jana ulinishusha kwenye treni ya asubuhi mbele za watu kama mwizi. Baiskeli nilishaifungua gurudumu la mbele, nimejibana nayo behewa la mwisho kama siku zote. Ukasukuma fremu nje, nikaifuata, na treni ikaondoka na gurudumu! Nilisubiri treni nyingine, kisha toka kituoni nikatembea kilomita kumi na moja hadi kwa baba, njia ninayoipita kwa baiskeli. Kidonda chake cha mguu mimi ndiye humsafisha, na ni lazima iwe asubuhi. Nilimfikia saa saba. Nirudishie gurudumu.

Dada yako

6 Machi

Dada, shikamoo.

Natumaini u mzima. Mimi sijambo. Tangu mwezi jana baiskeli haziruhusiwi kabla ya saa tatu. Tangazo limebandikwa, na macho unayo. Watu wamebanana hadi mlango haufungi, na pedali yako ilimchana mama mmoja mguu. Abiria wote walikuwa wananitazama nitamfanya nini dada yangu. Ningekuachia, kesho kila mtu angekuja na baiskeli. Gurudumu liko stoo, stesheni kuu. Nimeliandikisha kama kielelezo. Kazi ni kazi.

Mdogo wako

11 Machi

Mdogo wangu,

Habari za likizo? Hongera kwa kupumzika; barua hii naiacha ofisini kwako wakufikishie. Mtunza stoo amenirudisha mara tatu: kielelezo hakitoki bila sahihi ya aliyekileta. Sasa napanda treni ya saa tatu, natembea, namfikia baba jua la utosi. Kidonda kimeanza kunuka na kidole kimoja kimekuwa cheusi. Naomba sahihi moja tu. Au njoo umfunge bandeji mwenyewe, maana hakunizaa peke yangu.

Dada yako

29 Machi

Dada, shikamoo.

Poleni na hali. Nimerudi kazini leo, nimekuta barua yako mezani na nimetia sahihi hapo hapo. Ungesema wazi kwamba ni hatari, badala ya kejeli. Mwambie baba nitapita Jumapili.

Mdogo wako

2 Aprili

Mkaguzi,

Salamu usizitafute humu. Jana baba alikatwa mguu, chini ya goti. Alipozinduka aliniuliza ni nani yule aliyenishusha na baiskeli, amlaani kwa jina. Nilimwambia ni mkaguzi mmoja tu, simjui.

Ukija Jumapili, usinifanye mwongo.

Binti yake