Bakuli Nililolisugua

Jumatatu, 4 Agosti 2003
Natwanga karafuu tangu asubuhi. Mkono umekufa ganzi. Nywele, leso, hata chai yangu inanukia karafuu. Wifi yangu Rukia anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo, na singo ya kumsugulia ngozi natengeneza mimi. Mimi! Miaka ishirini Mama mkwe amewasinga mabiharusi wa Kiislamu wa Machakos, na hakuna mkono mwingine uliowahi kugusa singo yake. Sasa vidole vimemvimba. Anavaa bangili mbili za shaba, anasema zinamsaidia. Sijaona. Ninachoona ni duara la kijani kwenye mkono, na kila jioni analiosha kwa sabuni.

Amenipa bakuli lake la shaba, lile nyanya yake alilotoka nalo Pwani. Tangu nisilimu nikaolewa humu hajawahi kuniruhusu hata kulipangusa vumbi. Nje linang'aa. Ndani ni la kijivu, limefifia, la aibu. Mwaitu, mama yangu mzazi, alinilea kwa majivu na mchanga kule Katangi. Kwetu mke anajulikana kwa sufuria zake. Basi nimelikalia kitako na majivu na waya wa sufuria mpaka ndani pakawa pekundu kama nje. Nimejisifu mwenyewe, hakuna mwingine aliyekuwepo.

Jumanne, 5 Agosti
Liwa, karafuu, mrehani, waridi kavu. Mama mkwe alisema nichanganye na marashi ya mawaridi peke yake. Nikaongeza ndimu tatu. Uso wangu huu umefikishwa hapa na ndimu, na nataka Rukia ang'ae mpaka watu waulize nani alimsinga. Nimefunika bakuli kwa kitambaa. Mume wangu Hamisi kapita akanusa, akasema nikifa atanizika na hilo bakuli. Mjinga huyu. Nampenda.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimefunua. Singo imekuwa ya kijani pembeni. Ni mrehani tu. Nimekoroga.
Mama ameniita mkono wake wa kulia mbele ya wateja dukani kwake. Nimetembea juu juu siku nzima.

Jumamosi, 9 Agosti
Ewe Mola wangu.
Nilimpaka Rukia uso, shingo na mikono. Muda kidogo akasema inawasha. Nikamwambia atulie, bi harusi hadeki. Mimi na huu mdomo. Alipoanza kulia ndipo nikamwosha. Uso mwekundu, kope zimevimba, vipele mpaka shingoni. Na imebaki wiki moja.
Aliniuliza kama ameharibika. Nikasema hapana. Sijui kama nilidanganya.

Jumapili, 10 Agosti
Wanawake walikuja kupanga mambo ya harusi, wakamwona. Hakuna aliyeuliza kwa mdomo. Macho yaliuliza. Mama hakungoja. "Ni mimi," akasema. "Mikono imezeeka, nimekosea kipimo." Akaendelea kumimina kahawa.
Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la mahamri. Ndimu ni zangu. Mkono ni wangu. Nikaingia nikagawa mahamri. Mwoga. Mwoga mkubwa.

Jumatatu, 11 Agosti
Mwaitu amefika kutoka Katangi na kreti la nyanya za pilau. Yeye na rozari yake, Mama na tasbihi yake, wanapendana kuliko wanavyonipenda mimi. Akamwangalia Rukia, kisha akataka kuona alichopakwa. Akachungulia bakulini. "Asi! Mumbua, hii ni kopa."

Yeye peke yake bado ananiita Mumbua. Anasema rangi ni ileile ya dawa ya shaba wanayonyunyizia nyanya zisishikwe na ukungu. Mwaka mmoja aliikoroga bila glavu, na mikono yake iliwaka hivihivi, ikapasuka. Halafu akauliza kitu ambacho sikutaka kiulizwe: mbona bakuli hili halijamchoma mtu miaka yote hii?

Mama akaingiza kidole ndani ya bakuli. Akakizungusha polepole pale nilipopasugua. Akaniangalia. Akajua. Afadhali angenitukana.

Jumanne, 12 Agosti
Tumempeleka Rukia kwa daktari wa ngozi. Mama kabeba bakuli limefungwa kwenye gazeti.

Kumbe ule ukijivu haukuwa uchafu. Ni bati. Mafundi wa zamani walipaka shaba bati kwa ndani ili chakula kisigusane nayo. Bati lenyewe lilikuwa limechakaa, mimi nikalimaliza. Ndimu nazo zikapata shaba tupu, zikaila siku nne, na yote yakaenda kwenye mashavu ya Rukia.

Mama hakukubali kirahisi kwamba shaba ni mbaya. Akaonyesha bangili zake. Akasema nyanya yake alikaushia vidonda kwa mrututu, na mrututu ni shaba pia. Daktari alicheka, akamkubalia nusu. Ngozi yenyewe inahitaji shaba, ila kidogo sana, na tunaipata kwenye chakula. Siku hizi kuna hata krimu za ng'ambo zenye shaba, wanasema zinalainisha makunyanzi, lakini hiyo imepimwa na mtu anayejua anachopima. Mrututu unakausha kidonda na unachoma nyama nzima vilevile. Bangili hazina neno, avue tu akiona ngozi inawasha. Rukia aoshwe kwa maji, apakwe mafuta ya mgando, basi. Asipake ndimu, wala liwa, wala mashauri ya majirani. Macho yamepona, ashukuru Mungu. Makovu daktari hayatarajii, lakini hakuapa.

Akauliza nani alisugua bakuli. Mama akasema limesugulika lenyewe kwa uzee.

Jumatano, 13 Agosti
Mwanamke mmoja aliyempangia binti yake kusingwa mwezi ujao amekuja kusema atatafuta kwingine. Kwa heshima kabisa, na salamu nyingi. Mama akamwambia hana kinyongo. Bangili zake zikagongana alipoinua kikombe.

Nikashindwa kuvumilia. Nikasema palepale, mbele ya wote: bakuli nililisugua mimi, ndimu nilitia mimi, Mama hajakosea hata chembe. Mwaitu akaangalia sakafu. Rukia, na uso wake ule, akaja kukaa karibu yangu.

Jikoni Mama alinigeukia kwa hasira. Sijawahi kumwona vile. "Nani alikuomba useme? Jambo hili nilikuwa nimeshalimaliza!" Halafu akaketi kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi. Akasema yeye amebakiza harusi chache tu mikononi, mimi nina za miaka thelathini. Alitaka liharibike jina lake, libaki langu.

Nililia kama mtoto. Na yeye. Mwaitu akatukuta hivyo, akatuuliza kama vitunguu vimekwisha kukatwa.

Ijumaa, 15 Agosti
Rukia anabambuka ngozi kama viazi vya kuchemsha. Chini yake ni laini. Nimemhesabia vipele, vimebaki vitatu. Anasema nisipoacha kumkodolea macho ataolewa akiwa amejifunika gunia.

Jumamosi, 16 Agosti
Ameolewa. Hakupakwa kitu ila mafuta ya mgando na wanja. Mzuri mno. Miguu inaniuma, siandiki zaidi.

Jumapili, 24 Agosti
Nyumba imetulia. Mwaitu amerudi Katangi na nusu ya pilau. Bakuli liko kabatini, limejaa waridi kavu tu, mpaka tupate fundi wa bati, kama bado yupo duniani.

Yule mama aliyetukimbia amerudi leo na binti yake, kisa kamwona Rukia harusini. Mimi sikutaka kumsinga. Mama akaniwekea mbele bakuli la udongo na chupa ya marashi, akaondoa ndimu zote jikoni, hata za kachumbari. Nikachanganya. Nikachungulia pembeni mara tatu kama imegeuka kijani, na mgeni aliniona. Binti akarudi nyuma kidogo.

Mama akavua ushungi. Akavua bangili zote mbili, akaziweka kando. Akalala kwenye mkeka, akafumba macho. "Nipake mimi kwanza."

Sijawahi kuugusa uso wake kabla ya leo. Ana kovu dogo chini ya sikio, la tetekuwanga labda. Nimempaka paji, mashavu, kidevu, mpaka shingoni. Tukangoja. Yule mama akavua viatu, akaketi. Binti naye.

Mama hakungoja chochote. Alikuwa ameshalala, anakoroma. Nikachukua upepeo nikampepea, nzi wasimtue usoni.